Mpaka Atuite Mwenyewe

Kadi ilikuja ndani ya bahasha nene ya rangi ya maziwa, na Philomena aliichukia kabla hajaifungua. Watu wanaokuandikia kwenye karatasi nzuri namna hiyo huwa wameshaamua.

Juu walikuwa wamechora chaza wawili na tawi la mwerezi. Chini yake palisomeka: "Karibuni tena ufukweni. Mimi binafsi naialika familia yote ya marehemu Agnes irudi mahali pake, ili tujifunze pamoja jinsi fikra za wenyeji zinavyoweza kuufundisha ulimwengu wa leo kutumia bila kumaliza." Kisha saini ya wino wa bluu: Alistair Penrose, Mkurugenzi, Shirika la Pwani Tulivu. Upande wa nyuma kulikuwa na ratiba. Sala ya ufunguzi, Bibi Philomena, dakika tatu. Hotuba. Kufunuliwa kwa kibao. Kutangazwa kwa ufukwe kuwa eneo lisiloguswa daima. Vitafunio.

"Dakika tatu," alisema Philomena. "Mungu wamempimia dakika tatu."

"Shangazi, usianze." Darrell, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyeileta kadi kwa mkono. Alikuwa amekaa jikoni kwake na koti la kijani la Shirika, akiipuliza kahawa ili asilazimike kumtazama. "Walitaka ziwe mbili. Mimi ndiye niliyepigania ya tatu."

"Asante, mwanangu. Na hili la 'lisiloguswa daima', ulilipigania vipi?"

Darrell aliweka kikombe mezani. "Chaza wamekwisha. Nimehesabu mwenyewe, mita kwa mita. Bodi ina haki ya kuogopa."

"Wamekwishaje?"

"Ripoti inasema zamani walichimbwa kupita kiasi."

"Na nani?"

"Shangazi..."

"Taja jina, Darrell. Ufukwe ule haukuwahi kuchimbwa na ukoo mwingine. Sema hapa mbele yangu kwamba bibi yako ndiye aliyewamaliza."

Darrell alikishika tena kikombe. Alikuwa kijana mwema, ana mke na mapacha wachanga, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipata bila kuhama kwao. Philomena alimwonea huruma, na hasira ilipokosa pa kutua ikamrudia mwenyewe.

Ufukwe wenyewe, kwenye kisiwa cha kwao, ulikuwa kazi ya mikono. Mababu waliviringisha mawe mpaka kwenye mstari wa mwisho wa maji, pale panapoonekana siku chache tu za bamvua, maji yanapokupwa kabisa, wakajenga ukuta wa kufika magotini. Mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na chaza wakapata pa kukaa. Kila kiangazi Agnes, mama yake Philomena, alishuka na watoto wake. Walichukua wakubwa, wakawaacha wadogo, wakaugeuza mchanga kwa uma wa kuchimbia ili upumue, na kila aliyeshuka aliokota jiwe lililoanguka akalirudisha ukutani. Ukifika kwenye mchanga hujagusa jiwe, Agnes alikurudisha kama mbwa aliyeingia kanisani. Mchanga usiogeuzwa hushikana, tope hujaa, na chaza hukosa hewa. Mtoto wa miaka sita wa nyumba ile alilijua hilo. Watu wenye shahada tatutatu hawakulijua, au walilijua wakaona aibu kujifunza kwa mtoto wa miaka sita.

Miaka kumi na mitatu iliyopita Shirika lilinunua ardhi ya nyuma ya ufukwe kutoka kwa kampuni ya mbao, na Penrose akaja kwa Agnes kuomba mapumziko ya miaka miwili. Alisema wanataka kuhesabu na kuelewa. Alikuwa bado na nywele nyeusi, na machozi yalimlengalenga alipokaribishwa samoni wa kukaushwa kwa moshi. Agnes alimpenda. Alikubali, ila karatasi aliyoletewa kutia saini aliisukuma pembeni kwa kidole kimoja, kwa sababu kwake karatasi ilikuwa namna ya kumwambia mtu kwamba neno lake halitoshi.

Badala yake alifanya jambo kama linavyofanywa. Alikusanya watu kwenye nyumba kubwa ya mbao, akamsimamisha Penrose katikati, akamfunika mabegani kwa blanketi la sufu alilolifuma mwenyewe majira yote ya baridi. Kisha akaita mashahidi wanne kutoka vijiji vingine, kila mmoja akitiwa kiganjani sarafu mbili za robo dola. Ukishazipokea umefungwa. Utakumbuka yote uliyoyaona na kuyasikia, na siku jambo litakapoulizwa utasimama useme hayo tu, bila kuongeza kitu kutoka moyoni mwako.

Wa nne alikuwa Philomena. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlango wa bahari miaka thelathini, kwa hiyo alihesabiwa mgeni. Siku ile alikuja akiwa amejiandaa kusimama kama binti na kupinga. Mama yake alimwona usoni, akamwita shahidi, na mdomo wa Philomena ukafungwa mbele ya watu mia mbili. Mama alijua alichokuwa akikifanya.

Agnes alisema: "Watu wangu wataupumzisha ufukwe. Hakuna wa nyumba yangu atakayeshusha uma pale mpaka wewe mwenyewe utuite." Penrose akajibu: "Baada ya miaka miwili nitawaita, kwa mkono wangu."

Basi wakangoja. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, na wasingelifanya watu wengine wowote. Mwaka wa pili ukapita, na wa tatu. Philomena alivuka kumwambia mama yake waende tu ofisini wakamuulize yule bwana.

"Mtu ameahidi mbele ya mashahidi," Agnes alimjibu. "Nikamkumbushe mlangoni kwake? Nimvue nguo mbele ya watoto wake?"

Alikufa mwaka wa saba. Uma wake wa kuchimbia ulikuwa umesimama nyuma ya mlango wa jikoni, meno yakiwa yamepakwa mafuta tayari. Na kule ofisini, mwaka huohuo, waliandika kwamba wenyeji "wameiacha wenyewe desturi ya kuchimba." Waliandika hivyo. Blanketi wakalitundika ukutani ndani ya fremu ya kioo, na chini yake maelezo kwamba ni zawadi ya shukrani. Watu walinyamaza kwa kutunza neno, na kunyamaza kwao kukahesabiwa kutojali. Philomena alikuwa na uwezo wa kuvunja sahani kila alipoliwaza hilo, na mara mbili alivunja.

Darrell alipoondoka, Philomena aliisoma kadi tena huku akiosha vikombe. Alipofika kwenye maneno ya mwaliko alisimama, maji ya bomba yakiendelea kumwagika bure. Akasoma kwa sauti. Akafunga bomba, akajifuta mikono, akampigia simu Norbert, binamu yake mwenye mashua.

"Jumamosi unanivusha."

"Kwenye ile sherehe yao? Mimi nilisikia umewakasirikia."

"Nimewakasirikia. Waambie wote wa nyumba ya mama waje, kila mtu na uma wake."

"Wa kulia keki?"

"Wa kuchimbia, mpumbavu wewe."

Norbert alicheka. "Dada," alisema, "kwa hilo mafuta ya injini nitatia mwenyewe."

Jumamosi ile maji yalikupwa kuliko siku nyingine zote za mwezi Juni. Walivuka asubuhi, mashua sita, ya Norbert ikitangulia. Uma wa Agnes ulilala sakafuni chini ya maboya. Philomena alikaa mbele, midomo ikicheza bila sauti.

"Unasali?" aliuliza Norbert. "Ukifika kwenye kuombea wagonjwa, itaje injini hii."

"Siombi. Nayapanga. Nimeyanoa siku nne."

"Hebu nionjeshe."

Alimwonjesha. Alisema atawaita wezi wa mchana, watu wanaomfunika mtu mto usoni kisha wanalia msibani, wanaokuja kujifunza kwako huku wamekuziba mdomo. Kulikuwa na mengine ya chini ya kiuno kuhusu Penrose. Norbert alisikiliza yote, akipunguza mwendo ili asikose neno.

"Matamu," alisema mwishowe. "Ila kwani wewe si shahidi?"

"Ndiyo."

"Shahidi hatukani, dada."

Kilichomuudhi Philomena ni kwamba Norbert, ambaye hakuwahi kuwa na akili tangu utotoni, alikuwa amesema kweli.

Viti themanini vilikuwa vimepangwa chini ya turubai jeupe, vikielekea kibao kilichofunikwa kitambaa. Kila mgeni alikuwa ameupa ufukwe kisogo. Nyuma ya visogo hivyo bahari ilizidi kurudi nyuma, na ukuta wa mababu ulianza kutokeza, umebomoka sehemu mbili. Mchanga uliokuwa mweupe wakati wa Agnes ulikuwa umevaa utelezi wa kijani. Philomena hakuwa ameuona kwa miaka kumi na mitatu. Alishika mkono wa Norbert mpaka Norbert akasema, "Hilo ni fupa, dada, nalitumia."

Penrose alikuja na mikono wazi. Nywele zilikuwa zimemgeuka jivu. "Bibi Philomena. Hujui tulivyobahatika kuwa nawe."

"Blanketi liko wapi?"

"Lipo ofisini, salama kabisa. Kile kioo hakipitishi hata jua."

"Uliwahi kujifunika tena?"

Alicheka, akidhani ni utani.

Walipomwita jina alipanda jukwaani polepole, magoti yakimlaumu kila ngazi. Darrell alisimama pembeni karibu na kibao, tayari kuvuta kitambaa. Philomena alivitazama vile viti.

"Kabla sijasema," alisema, "naomba mgeuze viti."

Watu walitazamana. Penrose alitabasamu, akatikisa kichwa kuruhusu, pengine akidhani ni sehemu ya mila. Kukawa na mkwaruzo mrefu wa miguu ya viti, na kwa mara ya kwanza siku ile wageni wakauona ufukwe walioujia.

"Sikuja kusali. Naitwa Philomena. Miaka kumi na mitatu iliyopita niliitwa shahidi, na sarafu nilizopewa ni hizi." Aliziinua. "Tulikuwa wanne. Wenzangu wamekufa, kwa hiyo nasema na yao."

Matusi yote ya siku nne yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno yake. Aliyameza moja moja. Kisha akasema alichokiona na alichokisikia. Alitaja siku na hali ya hewa. Alitaja rangi za blanketi, na bega ambalo mama yake alianza kulifunika. Akalisema neno la Agnes kama lilivyotoka, halafu neno la Penrose kama lilivyotoka, hakulitia chumvi na hakulipunguza. Alipomaliza, mgeni mmoja alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Penrose aliinuka. "Bibi Philomena, nadhani sote hapa tunaziheshimu sana hisia zako."

"Sijataja hisia. Shahidi hana hisia. Ulisema, au hukusema?"

"Ni zamani mno. Kumbukumbu za ofisi hazina..."

"Sikuiuliza ofisi."

Penrose alijishika tai. "Huenda nilisema kitu cha namna hiyo."

"Ulisema hivyohivyo." Philomena alitoa kadi kwenye mkoba. "Na hii ni saini yako?"

"Ndiyo, lakini..."

"Isome."

Hakuipokea. Philomena akashuka, akampa mama mmoja mzee wa mstari wa mbele aliyevaa beji ya mwenyekiti wa bodi. Yule mama alikuwa mwalimu zamani, au alikuwa na sauti ya walimu. Alivaa miwani akasoma ikasikika mpaka nje ya turubai: "Karibuni tena ufukweni. Mimi binafsi naialika familia yote ya marehemu Agnes irudi mahali pake."

"Inatosha," alisema Philomena. "Mama yangu alisema mpaka atuite mwenyewe. Bwana Penrose, umechelewa miaka kumi na mmoja, lakini umeita. Tumekuja."

Norbert akapiga mluzi. Watu wa nyumba ya Agnes wakashuka kutoka kwenye mashua, wazee kwa watoto, arobaini na ushee, kila mmoja na uma wake begani. Walipita kwenye turubai kwa adabu, wakisema samahani, samahani, mpaka mchangani.

Philomena alitangulia. Aliokota jiwe la kwanza, akalipeleka kwenye ukuta, ndipo akarudi kuushika uma wa mama yake. Aliusukuma kwa mguu. Ulizama nusu tu ukagoma, kama mtu anayechimba barabara. Aliulalia kwa mwili mzima mpaka bonge likafumuka, jeusi tititi, na harufu ya mayai viza ikapanda hadi kwenye vile viti vyeupe. Wageni walishika pua. Ndani ya bonge walikuwamo chaza, wakubwa kwa wadogo, wamesimama vilevile walivyokuwa wakiishi, magamba yamejifunga. Alipolifungua moja lilikuwa limejaa tope.

Aliyabeba kwenye viganja mpaka mbele ya Penrose.

"Ushahidi nimemaliza," alisema. "Sasa naongea mimi. Hawa hawakuliwa na mtu. Wamekufa kwa kukosa hewa, wakiwa wamefungiwa, na nyie mkaandika kwamba mama yangu aliwala. Mmeweka kibao kusema mnataka fikra zetu. Fikra zetu ni hizi, zinanuka. Hazikai kwenye kibao, Bwana Penrose. Zinakaa kwenye mgongo wa mtu aliyeinama, na mgongo ndio mlioupiga marufuku. Mama alikungoja akipaka mafuta uma kila mwezi. Miaka saba. Nakuchukia kwa hilo, na ningekuchukia vizuri zaidi kama ungekuwa mtu mbaya."

Akamtilia magamba mikononi. Penrose aliyapokea, kwa kuwa angeyaacha yangeanguka kwenye viatu vyake. Uso ulikuwa umemwiva. Alimgeukia kijana wa koti la kijani.

"Darrell. Tafadhali. Waambie watoke mchangani, eneo hili lina utaratibu."

Darrell alikuwa bado ameshika kamba ya kitambaa. Alimtazama shangazi yake, akamtazama bosi wake.

"Bwana, kwenye kadi umeandika familia yote ya Agnes," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ni mjukuu wake."

Aliiachia kamba. Alishuka na koti lake lilelile la Shirika, akaokota jiwe zito kuliko alivyoweza, akalibeba tumboni mpaka kwenye tundu la ukuta. Kitambaa kilibaki kwenye kibao. Philomena aligeuza uso ili kijana asimwone anavyomtazama.

Kisha aliita mashahidi, maana jambo halijafanyika mpaka liwe na mashahidi. Wa kwanza alimwita yule mwenyekiti wa bodi, aliyesimama mara moja, kama aliyengoja kuitwa. Wa pili na wa tatu aliwaita mwandishi wa gazeti la kisiwani na mpishi wa vitafunio, huyu kwa sababu alikuwa ameacha sinia lake akaja kuangalia. Kila mmoja alipokea sarafu mbili na maelezo ya kazi yake.

"Wa nne," alisema, "Alistair Penrose."

Ziwa zima la macho likamgeukia. Angeweza kukataa. Alihamishia magamba kwenye mkono wa kushoto, akaufungua wa kulia, mchafu wa tope jeusi, na Philomena akamwekea ndani sarafu zile alizokuwa amezitunza kwenye kopo la sindano kwa miaka kumi na mitatu.

"Ukiulizwa ufukwe ulifunguliwa na nani, utasema ulichokiona na ulichokisikia. Usiongeze lako."

Penrose alizitazama sarafu muda mrefu. "Nitasema," alijibu. Hakukuwa na mtu aliyejua kama atasema, hata yeye. Lakini mkono ulikuwa umeshazifumba.

Philomena alirudi kwenye mchanga. Hapakuwa na chaza hai hata mmoja katika hatua kumi za kwanza, wala katika kumi zilizofuata. Kiangazi kizima kisingetosha, pengine kumi visingetosha. Aligeuza bonge, akaliponda, akasogea. Mgongo uliwaka moto. Pembeni yake watu wa nyumba ya mama yake walifanya vivyo hivyo, na mchanga ulioona hewa ulianza kubadilika rangi nyuma yao, mstari kwa mstari. Kwenye turubai watu hawakujua kama wale vitafunio au waondoke.

Norbert alikuja ametota jasho, akaegemea uma wake. "Maji yameanza kurudi, dada. Utachimba mpaka saa ngapi?"

"Mpaka yanifikie kiunoni."

"Na yule akikuletea polisi?"

Philomena alikanyaga uma, akausikia ukizama kidogo zaidi kuliko mara iliyopita.

"Maji yana haki ya kunifukuza," alisema. "Yeye ameniita."